Bahari ya Lita Arobaini

Tangi hili lilikuja badala ya deni.
Mwenye nyumba ya wageni kule Bugembe
alihama usiku na mapazia yangu kumi na mawili,
akaniachia bahari:
lita arobaini, vifuu wawili,
na kaa aliyepanga ndani ya gamba la konokono marehemu.

Nikaiweka Walukuba, kando ya cherehani,
penye dirisha linaloonyesha ziwa,
maji matamu, mapana, ya bure,
nami nanunua chumvi iliyovuka mpaka wa Busia
ndani ya ndoo, kilo kwa kilo.
"Si utumie ya Katwe?" aliuliza fundi Wandera.
Ya Katwe ni ya mchuzi na ya ng'ombe, nikamjibu.
Hawa wanataka chumvi yenye ukoo.

Mwezi wa kwanza kilitanda kivumbi cha kahawia.
Nikakifuta kwa kidole.
Wa pili ukaja ukoga,
kijani, kama meno ya mtu aliyegombana na mswaki.
Wa tatu, nywele.
Nywele, jamani! Ndefu, zikipepea juu ya jiwe
kama kichwa cha mtu aliyezama.
Mgeni siku mbili, husemwa, ya tatu mpe jembe;
huyu, ya tatu, alinipa mimi jembe.

Nilikwangua kioo kwa kadi ya benki iliyokufa.
Taa ya saa kumi nikaifanya ya saa sita.
Nikayaacha maji ya bomba, nikakinga ya mvua,
nikayachuja kwenye kitambaa cha sare za shule,
nikabadilisha lita nne kila Jumamosi,
nikipima chumvi kama ninavyopima kiuno:
mara mbili, ndipo mkasi.
Nikaongeza konokono watatu.
Mmoja alikula.
Wawili walikaa wakifikiri.

Mwani ukarudi.
Wandera akacheka mpaka akashika mlango:
"Ziwa zima limewashinda wenye boti na bajeti,
wewe na kadi?"

Alfajiri moja, cherehani bado imefunikwa shuka,
nikamkuta mama mkwe mbele ya tangi.
Alikuja kutoka Namayingo kutibiwa jicho.
Kiganjani ana mukene aliyeutwanga mwenyewe,
ananyunyiza, anabembeleza kwa Kisamia:
kuleni, wanangu, kuleni,
mwenye nyumba amelala.

Wiki saba.
Wiki saba mimi nalisha siku moja, naruka moja,
punje za kuhesabu,
na nyuma yangu mtu analisha huruma.

Maneno yalinijaa mdomoni kama pini.
Nikayatoa moja moja:
Mama, wasichokimaliza kinaoza,
na kilichooza ndicho kinachoota.

Alinyamaza. Akalisogeza jicho zima hadi kwenye kioo,
akakitazama kichwa kile cha nywele
kwa muda mrefu kuliko daktari alivyomtazama yeye.
"Kumbe ni shamba," akasema.
"Ungesema.
Mhogo ukiumwagia samadi kupita kiasi
unakupa majani. Ukichimba, hamna kitu."
Akanyoosha mkono.
"Lete hiyo kadi."

Siku hizi yeye ndiye mpaliliaji.
Huanza juu, hushuka,
nywele huzisokota kwenye kijiti na kuzivuta taratibu
jiwe lisione uchungu.
Jicho lilishapona; habari za basi hazitajwi.
Kioo cha mbele unaweza kujitazama na kufunga kilemba.
Cha nyuma ametukataza kukigusa:
"Kila shamba lina ukingo wa mbuzi."
Wale konokono wawili wamehamia huko,
wameacha kufikiri.

Saa mbili usiku nazima taa.
Vifuu wanaingia chini ya jiwe, kaa anavuta mlango wake.
Na kopo la mukene jikoni,
ambalo nalipima, naam, mara mbili,
kila Jumapili
limepungua kijiko kimoja.
Nalifunika. Sisemi kitu.